Birika la Kinyozi

Mimi ni dereva wa kreni, mwaka wa sita huu. Nakaa kwenye kijumba cha vioo, juu sawa na ghorofa ya kumi na nne, na mafundi wa chini wananiita Mama Juu. Msimamizi wetu wa zamani aliniongoza kwa redio kwa Kiswahili: kushoto kidogo, shusha, hapo hapo. Raha mustarehe. Akaja injinia mgeni, Kiswahili hajui hata cha kuombea maji. Alhamisi, msaidizi wake akitafsiri, akatangaza mtihani wa Jumatatu: atasema "left", "right", "up", "down", na asiyeelewa atashuka akabebe saruji. Mimi na umri huu, nibebe saruji? Thubutu!

Mume wangu ni kinyozi, na Kiingereza cha kugeuzia vichwa vya wateja anacho. "Wasiwasi wa nini, mama watoto?" akasema. "Siku tatu tu utakuwa umeiva." Kila jioni tulikaa mezani tukitazamana, yeye upande ule, mimi upande huu, birika katikati. Akisema "left" analivuta birika kushoto kwake, nami nalifuata kwa macho; akisema "up" analiinua kuelekea dari, "down" analishusha kuelekea sakafu. Akarudia mpaka chai ikapoa. Kufikia Jumapili nilikuwa nayaota hayo maneno, na yeye anajivuna utadhani ndiye atakayepanda kreni.

Jumatatu nikapanda, nikaning'iniza furushi la nondo. "Up," redio ikasema. Nikapandisha. "Down." Nikashusha. Kumbe rahisi hivi! "Left." Nikazungusha kreni kwa madaha, nondo zikaelekea choo cha mabati. Fundi bomba akachomoka humo mbio, suruali mkononi.

"Simama, Mama Juu, simama!" Alikuwa msaidizi wa injinia, redioni. "Anasema utarudia mara moja tu. Ukikosea tena, shuka."

Nimekosea wapi, jamani? Juu nimepata, chini nimepata. Ndipo nikalikumbuka birika. Mungu wangu! Kushoto kwa Kinyozi ndiko kulia kwangu! Dari na sakafu ni zetu sote, kwa hiyo juu na chini zilinifikia salama, lakini kushoto na kulia nilizimeza kinyume. Nikamkasirikia, kisha nikacheka peke yangu mle kwenye vioo.

Muda wa kujifunza upya sikuwa nao. Kila redio iliposema "left" au "right", nikamwazia mume wangu yupo mbele yangu na birika lake, nikafanya nilichozoea kwa miaka kumi na tisa ya ndoa: kila alichosema, nikafanya kinyume. Nondo zikatua polepole kwenye alama ya chokaa. Injinia akanyoosha kidole gumba.

Jioni Kinyozi alifungua mlango kabla sijabisha. "Enhe?"

"Nimepita."

Alipiga makofi mpaka jirani akachungulia. "Si nilikwambia? Mwalimu ni mwalimu bwana!"

Njia nzima nilikuwa nimepanga kumpasha. Lakini chai ilikuwa tayari, birika lipo katikati ya meza, na yeye anameremeta kwa furaha. Nampenda huyu mtu, sina la kufanya. Nikainua kiti changu, nikazunguka nacho meza, nikakiweka ubavuni mwake.

"Mbona huku leo?" akauliza.

"Nataka kusomea upande wako," nikamwambia. "Haya mwalimu, anza tena."