Kabla Dubu Hawajalala

Leland Gagnon alizaliwa na haraka zake, na tangu talaka zilikuwa zimezidi. Mahakama ilimpa binti yake, Tessa, Jumamosi moja ndiyo, inayofuata siyo. Siku nyingine zote mtoto aliishi mlimani kwa mama yake, Corinne, katika nyumba ya Curtis, mume mpya mwenye meno mazuri na sauti ya upole. Meno hayakumkera Leland. Kilichomkata maini ni kwamba katika nyumba ile hapakuwa na hata kijiko kilichopita mikononi mwake. Alihofia mtoto atamsahau taratibu, bila hata chuki.

Basi Jumamosi moja ya Novemba alipofika kumchukua, akakuta maboga yaliyobaki ya sikukuu ya Halowini yamepangwa kibarazani yakisubiri kutupwa, akaona amepata la kufanya.

"Wee Tessa, haya hayatupwi! Lete lile kubwa ambalo hamkulichonga sura. Leo tunawapikia ndege."

"Ndege hawali vya kupikwa, Baba."

"Ushaanza kunisahihisha kama mama yako. Haya, tunawaandalia."

Wakakaa ngazini. Leland akalipasua boga katikati kwa kisu chake cha kuwindia, na Tessa akazamisha mikono kwenye utumbo wake wa njano hadi viwiko, huku akipiga kelele za kinyaa na raha. Baba akatoboa ukingo, akapitisha kamba, akachomeka vijiti viwili vya ndege kutua. Mtoto akapaka siagi ya karanga ndani kwa vidole, akivilamba kila mara, kisha wakalijaza mbegu za alizeti. Leland hakuwa amepata saa nzuri kama ile mwaka mzima, na hilo lisemwe.

Corinne akatoka na kikombe cha kahawa. "Lee, theluji bado haijakaa. Dubu wanazurura."

Katika milima ya Vermont jambo hilo mtoto hulijua kabla ya herufi: chakula cha ndege hakitundikwi nje mpaka dubu walale usingizi wao wa majira yote ya baridi. Leland mwenyewe alikuwa akiwacheka watu wa mjini waliohamia huko wakakuta bustani zao zimepinduliwa. Lakini boga likishapasuliwa halingoji Desemba, na kufikia Jumamosi yake nyingine lingekuwa uji.

"Dubu gani? Baridi imewahi mwaka huu. Wameshalala hao."

"Umewalaza wewe? Umewafunika na blanketi?"

Tessa akacheka. Leland hakucheka. "Nikija mikono mitupu, unasema sijali. Nikifanya kitu, dubu. Niambie basi nije vipi, Corinne."

Corinne akamtazama mtoto, na ile mikono yake ya rangi ya chungwa, akameza alilotaka kusema. "Haya. Lakini jioni liingizwe ndani. Tessa, hiyo ni kazi yako."

Wakalitundika kwenye mtufaa unaotazamana na dirisha la Tessa. Jioni, alipomrudisha kutoka matembezini, Leland akainama akamnong'oneza: "Usiliingize. Ndege wanakuja alfajiri, wewe bado umelala. Watalikosa. Iwe siri yetu, sawa?"

Tessa akaitikia kwa kichwa. Alipenda sana kuwa na siri na baba yake.

Jumamosi ya Leland ilipofika tena, alikuta mlango wa kibaraza umezibwa kwa mbao. Curtis alikuwa nje, hajanyoa ndevu.

"Dubu alikuja usiku uleule," Curtis akasema. "Alimaliza boga, kisha akafuata kopo la siagi ya karanga mliloliacha kibarazani, akaangusha mlango. Alikuwa jikoni, Leland. Tessa yuko juu ya ngazi anaita. Ningefanya nini? Nilimpiga dubu risasi. Sikuwa nimewahi kupiga kitu chochote risasi maishani mwangu."

"Alikuwa jike," Corinne akasema. "Mwanawe alipanda mtufaa akalia mpaka asubuhi, askari wa wanyamapori walipokuja kumchukua. Tessa alikuwa dirishani. Tulimvuta, akagoma."

Tessa akatokea nyuma ya mama yake, amevaa koti, tayari kuondoka.

"Na usimgombeze," Corinne akaendelea, kwa sauti ya chini. "Ameshajilaumu vya kutosha. Anasema alisahau kuliingiza."

Tessa alimkazia macho baba yake. Siri alikuwa ameitunza, na sasa alikuwa akimngoja mwenyewe aitoe.

Leland alijua anachongojewa. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Lakini Curtis alikuwa pale, Corinne alikuwa pale, na nyuma ya Corinne kuna mahakama, na Jumamosi zake chache zingeweza kupungua hadi ziishe. Mtu huyu aliyekuwa na haraka kwa kila jambo, hili ndilo alilolifikiria sana.

"Aa, kila mtu husahau," akasema hatimaye, akijitia uchangamfu. "Mtoto ni mtoto. Mimi sina hasira naye hata kidogo. Njoo, mwanangu, twende zetu."

Tessa akaanza kufungua vifungo vya koti.

"Leo siji, Leland," akasema, kisha akageuka akaingia ndani.

Corinne akashtuka. "Tessa! Huyo ni baba yako!"

"Namjua," Tessa akajibu kutoka ndani.