Mguu wa Bonge

Ijumaa, chakula cha mchana kilipokwisha, meza za bwalo la kiwanda zilifutwa kwa tambara moja lililolowa mafuta, na wake za wanajeshi wakabaki kwenye mabenchi kuandika barua. Kila mmoja karatasi yake, kalamu moja kwa wawili. Kiwanda kilishona sare, na barua nazo zilikuwa sehemu ya kazi. Asiyeandika alikatwa mgao wa unga, kwa maana askari asiyepata barua, walisema, hapigani sawasawa.

Barua hazikufungwa. Zilipelekwa wazi mbele, kwa mwanamke mnene, mpole, aliyekuwa mwalimu kabla shule hazijageuzwa kambi. Alisoma kila mstari. Ukimridhisha anagonga muhuri, usipomridhisha unarudishiwa. Walimwita Mama Muhuri nyuma ya mgongo wake, na siku hizi hata usoni pake, kwa sababu jina lenyewe lilimpendeza.

Sheria ilikuwa fupi, imebandikwa ukutani juu ya madebe ya maji: HABARI NJEMA TU.

"Uongo tunaoandika humu ungekuwa unga," alisema fundi wa cherehani aliyekaa ubavuni mwa Mama Bonge, "tungekula mpaka tukavimbiwa."

Wanawake wakacheka chini chini. Mama Bonge naye alicheka, au tuseme mdomo wake ulicheka. Bonge alikuwa amezikwa Jumatatu.

Kuhara tu, hakuna makubwa. Mganga wa zahanati alimfungulia kabati ajionee mwenyewe: tupu, dawa zote zimekwenda mstari wa mbele. Akamwambia amnyweshe mtoto maji ya chumvi na sukari. Chumvi ilikuwepo. Jina la Bonge alilipachika baba yake, kwa ajili ya mashavu, wiki chache kabla hajachukuliwa jeshini. Siku ya mwisho hapakuwa na bonge lolote pale, alikuwa mwepesi kama nguo iliyokaukia kambani.

Jumanne Mama Bonge alirudi kazini kushona vifungo. Kilio kilimkwama mahali fulani na yeye hakukitafuta. Alitaka jambo moja tu, baba wa mtoto ajue. Alikuwa amechoka kuwa mfiwa peke yake duniani.

Kwa hiyo aliandika. *Baba Bonge, salaam. Piga moyo konde. Mtoto wetu hatunaye tena.* Akaipeleka mbele.

Mama Muhuri alisoma, akavua miwani.

"Pole, mwanangu."

"Ahsante, mwalimu."

"Nimekupa pole ya dhati, Mungu anajua. Sasa hii haiendi."

"Ni mtoto wake, mwalimu."

"Ndiyo maana haiendi. Mwanamume akisikia hivi anatupa bunduki anakuja nyumbani. Mtoro akikamatwa wanamfanya nini?"

Mama Bonge alinyoosha mkono kuidai barua yake.

"Nakuuliza. Wanamfanya nini?"

"Wanampiga risasi."

"Haya. Unataka ufiwe mara mbili?"

Aliichana barua polepole, vipande vidogo vidogo, bila hasira, akavitia mfukoni mwa koti lake. Akatoa karatasi nyingine.

"Andika ameota jino."

Akaandika ameota jino. Katika barua zilizofuata Bonge alisimama dede, akapiga hatua mbili akakalia makalio, akamwita jogoo wa jirani "baba". Hiyo ya jogoo ilimfurahisha Mama Muhuri hata akawasomea wengine kwa sauti, na wenzake wakaanza kumwomba Mama Bonge awaazime vituko vya kuwaandikia waume zao. Kilichomtisha, kwa kadiri alivyoweza bado kutishika, ni kwamba kazi yenyewe haikuwa ngumu.

Kisha jibu likaja, limeshafunguliwa kama majibu yote.

*Mama Bonge wangu, hiyo ya jogoo imeniua. Wenzangu wameninyang'anya barua, wanasomeana. Huku tumeokota tairi la lori lililoungua, na kisu ninacho. Nataka nimkatie huyo bonge ndala, atembee kifua mbele. Uweke mguu wake kwenye karatasi, uuchore kwa kuuzungushia penseli, uniletee. Usikadirie. Nataka mguu wenyewe, niuone.*

Mama Bonge aliipeleka mbele.

"Mwalimu, hapa nimwandikie nini?"

"Huandiki, mama. Unachora."

"Nachora mguu wa nani?"

Mama Muhuri alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilikuwa ya kweli, haikuwa ya kuigiza.

"Watoto wamejaa mji mzima huu," alisema.

Fundi ndiye aliyejitolea kumleta wa kwake, mkubwa kidogo tu kuliko Bonge. Ijumaa iliyofuata alikuja naye mgongoni, akamsimamisha juu ya meza ya bwalo, juu ya karatasi.

"Mshike vizuri, shoga. Huyu ukimtekenya kidogo tu anakuangukia."

Mama Bonge alimshika kifundo cha mguu. Kilikuwa cha moto. Kitu kikampanda kifuani, akasubiri aone kama kitatoka au kitashuka. Kikashuka. Akaanza kisigino, akapita ubavuni, akazunguka vidole kimoja kimoja. Mtoto alijinyonganyonga kwa kicheko. Fundi alitazama upande wa dirishani mpaka kazi ilipokwisha, akambeba mwanawe akaondoka bila kuaga.

Mama Muhuri aliupima mguu kwa kiganja chake, akapima tena.

"Mbona mdogo hivi?"

"Ndio mguu wa mtoto, mwalimu. Nimeuzungushia mwenyewe, akiwa amesimama."

"Najua. Ndivyo walivyo wote siku hizi." Alishusha sauti. "Lakini mtu aliyeondoka kamwacha mtoto na mashavu yale, akiona unyayo huu atajua kwamba nyumbani hamli."

Akaisukuma karatasi kwake, na penseli juu yake.

"Zidisha kidogo."

Mama Bonge akailaza karatasi mezani, akazidisha.