Harufu ya Mama

Ukoo mzima ulininunia nilipowapigia simu watu wa ustawi wa jamii. Eti nimeuvua ukoo nguo. Niliwajibu kwamba kilichovunjika ni mkono wa mtoto. Heshima yao ingepona yenyewe. Aliyeuvunja ni kaka yangu, tumbo moja ziwa moja, na nampenda mpaka leo, jambo linaloniudhi sana.

Mtoto akaletwa kwangu, mimi shangazi yake. Tunamwita Kiroboto kwa sababu hatulii mahali. Kwangu alitulia, na huko kutulia ndiko kulikonitia hofu. Jioni hukaa kizingitini. Ukimwita kula anajibu, "Nakuja, shangazi," lakini macho yako barabarani. Alimtaka mama yake. Nilimpikia, nikamsuka, nikamchekesha hadi mbavu zikaniuma mimi mwenyewe, na bado alimtaka mama yake.

Sharti la ofisi lilikuwa moja: baba ahame, ndipo mtoto arudi. Wifi yangu alisema keshahama. Siku ile afisa wa ustawi angewakutanisha mara ya mwisho, na kama mambo yangekuwa sawa, Kiroboto angeondoka na mama yake.

Chumba cha kuonana kina mkeka, viti vya plastiki na mdoli wa jicho moja. Afisa, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, hukaa pembeni akijifanya anaangalia nje. Kanuni yake ni kwamba mtoto asiahidiwe kitu wala asiulizwe habari za baba. Aachwe tu, akitaka kusema atasema.

Wifi aliingia amejitanda mtandio. Kiroboto hakungoja salamu. Alimrukia, akazama kifuani, akavuta pumzi ndefu. Mimi nikageukia ukuta, maana machozi hayana adabu.

Kisha akainua kichwa. Akanusa bega, akanusa mtandio.

"Mama, unanuka vanishi."

Kaka yangu ni seremala. Vanishi haimtoki hata aoge namna gani, na humwambukiza kila anayelala karibu naye.

Afisa aliacha dirisha. "Mama, baba yake yuko nyumbani?"

Niliona uongo umeshamfika wifi mdomoni. Angesema jirani anapaka meza, na pengine angeaminiwa, na Kiroboto angelala kwao usiku ule. Hakuna aliyemkosa mtoto yule kama yeye. Mashavu yalikuwa yamemwisha. Akautazama mkono mdogo uliomzunguka shingo, ule uliounga vibaya kidogo pale kwenye kiwiko.

"Yupo," alisema. "Alirudi juzi. Alilia sana, nikamfungulia mlango."

"Basi leo mtoto hataweza kwenda na wewe," afisa alisema.

"Najua, dada. Ndiyo maana nimekwambia."

Nilidhani Kiroboto ataangua kilio, nikajiandaa kumbeba. Hakulia. Aliufungua mtandio wa mama yake taratibu, akaukunja, akaenda kuuweka mbali kabisa, karibu na mlango. Kisha akarudi mkekani, akapanda mapajani, akachomeka pua shingoni kwake.

Muda wao ulikwisha. Afisa alitazama saa ya ukutani, akageukia tena dirisha.

"Hapa ndipo penye harufu yako," Kiroboto alisema, akafumba macho.