Mkanda Mmoja wa Kifua

Asubuhi, kabla ya kahawa, Sirkka alilowesha mkanda wa kifua kwa maji ya bomba, akaukung'uta, akaufunga chini ya matiti na kulala chali. Mkanda huo wa kupima moyo haushiki mapigo ukiwa mkavu. Alipumua taratibu mpaka mawimbi yakatokea kwenye saa ya mkononi. Kisha akauvua, ukiwa bado na joto lake, akampa mumewe.

“Wewe nipashie kwanza, mama,” ndivyo Tauno alivyozoea kusema. “Kifua changu na baridi havipatani.”

Nyumba hiyo ya mjini Oulu, kaskazini mwa Finland, ilikuwa na mkanda mmoja. Taulo la sauna, chumba cha mvuke, kila mtu alikuwa na lake, mswaki vivyo hivyo, lakini mkanda, Tauno alisema, ni wa familia.

Theluji ilipoanza kushika, uchangamfu wa moyo wa Sirkka ukahamia kwa Tauno. Ulipitia kwenye mkanda, kidogo kidogo, kama unyevu unavyopanda ukutani. Mapigo ya Sirkka yakalingana kama mishono ya cherehani. Ya Tauno, mzee wa miaka sabini na mmoja, yakawa kama mtoto anayechuma matunda porini: anakimbia, anachutama, anasimama, anakimbia tena. Akaanza kuteleza kwenye theluji na vijana. Sirkka naye, kupanda benchi la juu la sauna tu, akawa anapumzika katikati.

Akaenda kituo cha afya. Muuguzi alikuwa Hannele, binti wa majirani.

“Moyo mzuri hauendi kama saa ya ukutani, mama Sirkka,” Hannele alisema. “Ukivuta pumzi unaharakisha, ukishusha unapoa. Uzee ndio unaoyasawazisha mapigo. Wanawake na wanaume wakiwa vijana wana tofauti zao, ila mkishavuka hamsini mnakaribiana.”

“Wangu umehamia kwa Tauno.”

Hannele akaweka mawimbi ya wote wawili, yaliyohifadhiwa kwenye saa, kwenye kioo cha kompyuta, pamoja na yale ya mwaka uliopita.

“Naam, uko kwake. Huu hapa mwendo wako kabisa.” Akaugusa kwa ncha ya kalamu. “Lakini kwa mwanamke wa umri wako, huu uliobaki kwako ni wa kawaida. Nitaandikaje kuwa umeibiwa kitu ambacho kingeondoka chenyewe?”

Sirkka akashukuru, akavaa koti.

Alimkuta Tauno barazani akipaka nta mbao zake za kutelezea.

“Ulijua?”

“Tangu Novemba.”

“Na kila siku unaniambia nikupashie mkanda?”

“Sasa mama, wewe ulikuwa unautumia wapi? Unakaa, unafuma soksi. Mimi nina mashindano mwezi wa tatu.”

“Nirudishie.”

“Haurudi. Nilijaribu.” Tauno akasugua nta kidogo, akawaza, kwa kuwa hakuwa mtu wa uongo mwingi. “Sikujaribu,” akasema.

Mwezi wa tatu akashinda. Chama cha wastaafu kikamwomba aje aeleze namna ya kutunza moyo, na Sirkka akaombwa aje na mikate ya iliki. Alioka sinia mbili, akainyunyizia sukari ya chenga.

“Tauno, hebu sema kweli,” Veikko wa duka la baiskeli alipaza sauti, “umemeza mjukuu wa nani?”

Ukumbi ukaangua kicheko.

“Hewa safi na uji wa shayiri,” Tauno akajibu. “Na mke anayejua kupika.”

Wakampigia makofi Sirkka pia.

Alikuwa akizunguka na birika la kahawa. Aliusikia moyo wake kutoka upande wa pili wa meza, kifuani mwa Tauno, chini ya sweta aliyomfumia mwenyewe. Moyo huo ulikuwa na tabia moja tangu usichana wake, wala hakuwahi kumwambia mtu: Tauno akitokea mlangoni, unaruka pigo moja. Miaka arobaini na mitano ya ndoa haikuwa imeuachisha tabia hiyo.

Tauno akageukia dirisha, akajiona kwenye kioo, akalaza nywele kwa kiganja. Moyo ule, kifuani mwake, ukaruka pigo moja.

Sirkka akamjazia kikombe. Kifuani mwake mwenyewe mapigo yalikwenda sawasawa, kama mishono ya cherehani.