Jicho la Felisiani

Mnyaa una majani madogo kama punje za mpunga, na huanguka mapema, kwa hiyo kazi ya majani hufanywa na matawi yenyewe, mabichi, ya mviringo, unene wa penseli. Ndani umejaa maji na utomvu mweupe unaounguza. Ukikata tawi, unaliacha kivulini mpaka kidonda kikauke, ndipo unalichomeka ardhini, nalo linashika bila hata kumwagiliwa. Mbuzi hawaugusi, na fisi hapendi kujipenyeza humo. Ndiyo maana hapa Karatu tunazungushia nyumba, mazizi na makaburi.

Mume wangu Felisiani anayajua haya yote, amepanda minyaa tangu ujana. Lakini siku ile hakusubiri. Jana yake tulikuwa tumemzika Penina, mtoto wa kwanza wa mwanetu Silvanus, pale nyuma ya shamba la kahawa, na fisi walikuwa wamelia upande wa msitu. Akakata matawi yakichuruzika, akayabeba begani, akaanza kuyachomeka kuzunguka lile tuta dogo la udongo mwekundu. Katikati ya kazi akapangusa macho kwa kiganja.

"Jasho," aliniambia nilipofika.

Kulikuwa na ukungu na baridi, mimi mwenyewe nimevaa sweta mbili. Sikumbishia.

Jicho la kushoto lilikuwa limevimba na kufumba. Nilimmwagia maji ndoo nzima. Silvanus akaenda barabarani kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Jirani yetu Monika akaja, akamwinamia.

"Baba Silvanus, na mvi zote hizo bado unachezea mnyaa?" Kisha akanivuta pembeni. "Dawa yake unaijua. Maziwa ya mama anayenyonyesha. Huyu atapofuka."

"Nani ananyonyesha hapa karibu?"

Monika alitazama chini. Tulikuwa tunajua sote wawili.

Nailantei, mke wa Silvanus, anatoka Nainokanoka, kwa wafugaji. Alikuwa ameketi kitandani, amefungwa khanga kifuani kwa nguvu, na majani ya kabichi ndani yake, ili maziwa yakauke. Mimi ndiye niliyemfunga. Nilisimama mlangoni na kikombe cha plastiki. Sikujua nianzie wapi, nikaanzia kwenye jicho.

"Baba ameingiwa na utomvu."

"Wa mnyaa?"

"Wa mnyaa. Alikuwa anazungushia."

Hakuuliza anazungushia nini. Akanyoosha mkono, akachukua kikombe.

"Geuka, yeyo," alisema. Yeyo ni mama, kwa lugha yao.

Niligeukia ukuta. Palikuwa na kalenda ya duka la mbegu, picha ya hindi lililomenywa. Nikasikia maziwa yakipiga plastiki, mara moja, kimya, kisha tena.

Mke wa mwana hawezi kumsogelea baba mkwe kwa jambo kama hilo. Nilibeba mimi, nikamtilia kwa kijiko cha chai. Hospitalini nesi alimwosha tena, akatupa dawa ya matone, akasema basi, tusitie kitu kingine. Matone tulitia. Lakini kila asubuhi na jioni nilikuta kikombe mlangoni mwa jiko, kimefunikwa na kisosi. Sikumwomba Nailantei, nami nikamtilia Felisiani. Kabichi sikuziona tena. Nailantei hakulia. Nikimpa chakula alikula, nikiondoa sahani aliiacha iende.

Jicho likafunguka taratibu. Felisiani akaona dirisha, kisha kuku, kisha uzi uliofumuka kwenye sweta yangu. Asubuhi moja akasoma maandishi ya mfuko wa mbolea, hata yale madogo ya chini.

"Nimepona," alisema, akaenda shamba.

Jioni nikamfuata Nailantei jikoni. "Mwanangu, jicho limepona. Tufunge kifua sasa."

Alikuwa amekishika kikombe kwa mikono miwili. "Baba amesema?"

"Amesema."

Akaninyooshea. "Bado litakuwa jekundu, yeyo. Kamwangalie vizuri."

Nikakipokea. Kilikuwa na joto.

Felisiani alikuwa barazani anachambua maharage, mawe anayatupa uani. Nilimwambia jicho lake bado ni jekundu. Alinitazama kwa macho yote mawili, kisha akakitazama kikombe. Akaweka ungo chini, akavua kofia, akalaza kichwa nyuma.