Kitabu Kilicholia Darasani

Mwaka wa 1966 Beldina Apiyo alikaa miezi saba kwenye meza ya jikoni, mtaa wa Kaloleni mjini Kisumu, akimchora kamongo. Alimnunua akiwa hai, akamtia ndani ya karai la kufulia, maana hakutaka kuchora samaki wa kukisia. Kamongo huyo, kwenye picha, alitoka ziwani kwa tumbo, akavuka barabara ya Ahero mvua ikinyesha, akampisha mtu wa baiskeli, akaulizia bei ya nyanya. Picha ishirini na nne, na hakuna gamba lililokosewa.

Bwana Zadock Oduor, mhariri wa kampuni ya vitabu, aliongeza maneno thelathini na mawili. Ukitaka, yahesabu mwenyewe. Kitabu kilipotoka, jaladani palikuwa na jina moja tu, Zadock Oduor.

Beldina alikwenda ofisini kwake.

"Bwana Zadock, jina langu liko wapi?"

"Mama, wewe umechora tu. Mtoto husoma maneno, hasomi samaki."

"Hao watoto bado hawajui kusoma."

"Ndiyo maana tunawaandikia vitabu," akasema Zadock, akaagiza chai, kikombe kimoja.

Beldina alirudi nyumbani roho ikimuuma. Hakutaka makubwa, jamani. Alitaka mtoto akimpenda kamongo yule, ajue nani aliyemchora.

Shule zilipofunguliwa Januari, Mwalimu Seline wa Kombewa alifungua sanduku la vitabu vipya mbele ya darasa la kwanza, navyo vikaanza kulia. Vililia kama mtoto wa wiki moja. Seline alivipapasa aone kama vimelowa, vilikuwa vikavu. Akaviweka juani, vikalia juani. Maseno ilikuwa vilevile, na Ahero pia.

Hakuna aliyekimbia. Pande zile kila mtu anajua kwamba mtoto mchanga akilia hivyo, hana njaa wala homa, amepewa jina lisilo lake. Watu hukaa wakamtajia majina ya waliotangulia, moja baada ya moja, na likifika lake hunyamaza. Basi walimu wakakaa na vitabu mapajani wakataja majina. Walitaja wazee wa ukoo, wakataja machifu waliokufa, wakataja hata mpishi wa zamani wa shule. Walipomtaja Zadock, kilio kilizidi.

Siku ya tatu Seline alikumbuka. Alikuwa amesoma na Beldina, na aliwahi kumwona yule kamongo kwenye karai.

"Yawa! Beldina Apiyo," akasema.

Vitabu vyote vikashusha pumzi, vikatulia.

Beldina alipopata habari alifurahi, usiseme. Alipiga pasi gauni lake la kanisani, akarudi kwa Zadock.

"Kitabu chenyewe kimesema," akamwambia.

"Kweli kabisa, hakuna anayebisha," akajibu Zadock. Siku hiyohiyo alituma waraka shule zote: vitabu vikianza tena kulia asubuhi, mwalimu na wanafunzi watamke "Beldina Apiyo" mara moja, kwa sauti.

"Na jalada?"

"Jalada watu wamelizoea. Sasa unataka nini tena, Mama? Unatajwa kila asubuhi kuliko mbunge!"

Beldina alichora vitabu vinne zaidi. Wengine walimwita mjinga, lakini mkono unaojua kuchora utaufanya nini? Kila mara aliomba jina lake litiwe, na kila mara lilitoka la Zadock. Vyote vililia, vyote vikanyamazishwa. Mwaka wa 1973 Zadock alipewa tuzo kwa kuwatumikia watoto. Vitabu vilivyopangwa jukwaani vililia wakati wa hotuba, wageni wakatamka "Beldina" kwa adabu, kisha wakampigia Zadock makofi. Beldina hakualikwa.

Mwaka wa 1979 alikwenda Ahero kuchora ndege aitwaye yangeyange kwenye mashamba ya mpunga. Mvua ikamkuta, akajikinga ndani ya darasa moja. Kitabu cha kamongo kilianza kulia, watoto wakaita "Beldina!" bila kuinua macho, kikanyamaza. Jina la Apiyo lilikuwa limeshaachwa, refu mno.

Alimsogelea mwalimu, msichana aitwaye Jentrix.

"Mwalimu, Beldina ni mimi."

Jentrix alicheka kwa heshima. "Aa, Mama! Beldina si mtu. Ni neno la kunyamazisha vitabu. Hata sisi tulifundishwa hivyo tukiwa wadogo."

"Huyo kamongo nimemchora mimi. Alikuwa kwenye karai langu."

"Huyu ni wa Bwana Zadock, Mama. Imeandikwa hapa," akasema Jentrix, akamwonyesha jalada kwa kidole, polepole, kama mtu anayemsaidia asiyejua kusoma.

Beldina akafungua mdomo ajibu. Kitabu kingine, dawati la mbele, kikaanza kulia.

"Beldina!" wakakemea watoto arobaini kwa pamoja.

Kitabu kikanyamaza. Naye akafunga mdomo, akakaa kwenye benchi la nyuma, akingoja mvua ipungue.