Ndege ya Ngumbaru

Mzee Nyamu hakuwa na kompyuta. Hakuwa na simu, wala stima, ingawa nyaya nene za kutoka bwawa la umeme la Kiambere zilipita juu ya paa lake zikivuma kutwa kuelekea kwa watu wengine. Hakuwa na ule mti mwepesi unaosifiwa na vitabu vya ndege za mfano. Alichonga ndege yake kwa mlingoti wa mkonge uliokauka. Hakuwa na cheti cha shule ya mchana, maana yote aliyoyajua aliyapata shule ya usiku mjini Embu, akiwa tayari na mke na watoto. Na subira, hiyo hakuwahi kuwa nayo hata siku moja.

Alichokuwa nacho ni binti, Wawira, karani katika ofisi moja mjini Meru. Mwaka huo wa 1999 ofisi ilikuwa imeingiziwa intaneti, na Wawira alikuwa ameupata ukurasa wa watu wa ng'ambo unaopiga hesabu za ndege ndogo. Unaujazia urefu wa bawa, upana wake, ukubwa wa mkia na uzito wote, nao unakuambia ndege iegemezwe kidoleni mahali gani ili isiinamie mbele wala nyuma, na iende kasi gani ili isianguke. Basi Nyamu alipima, akaandika, akatia posta. Wawira akajaza baada ya kazi, laini ikikatika na kurudi, kisha akatuma jibu kwa posta. Swali ambalo mashine ililijibu kufumba na kufumbua lilimkalisha Nyamu juma zima akisaga meno.

Na haukuwa mchezo. Nyamu alifundisha ngumbaru, darasa la watu wazima, alasiri kanisani. Afisa wa elimu alikuja, akawatazama wazee wakijumlisha, akauliza, "Hizi hesabu watazifanyia nini?" Akasema atarudi mwisho wa muhula, na asipoona kazi ya hesabu hizo, darasa litafungwa. Nyamu akamjibu papo hapo, mbele ya wanafunzi, kwamba watamrushia ndege iliyoundwa kwa hesabu, isiyo na injini, kutoka mgongo wa kilima hadi uwanjani.

Jibu la kwanza la Wawira lilikuwa tamu. Nyamu akatia alama chini ya bawa, akachomeka misumari kwenye pua ya ndege iwe nzito mbele, ikatulia kidoleni kama kikombe mezani. Kosa lake ni kuiacha kanisani.

Kesho yake alikuta mkia umelala. Teresia, mjane aliyekuwa amejifunza kuandika jina lake mwaka uleule, alikuwa ameshona bendera ya kitambaa akaigundisha mkiani. Nyamu akaongeza msumari puani. Halafu Misheck, fundi wa baiskeli, akaitia magurudumu ya vifuniko vya soda. Msumari mwingine. Mutugi naye akaandika jina la darasa kwa rangi ya mafuta, ile ya milango, akarudia mara mbili ili ing'ae. Kila mmoja alitaka mkono wake uwemo, kama harambee, na mchango wa harambee haukataliwi. Nyamu akaipeleka kwenye mizani ya dukani, akamwandikia Wawira kwa hasira.

Wawira akajibu: "Baba, natumaini mko wazima. Nimejaza mara mbili nisije nikakosea. Kwa uzito huo lazima iende kasi ya pikipiki ndipo ielee. Ukiirusha kwa mkono itaanguka miguuni pako. Usinikasirikie mimi, ni mashine."

Nyamu aliwasomea darasani.

"Hiyo mashine imeniona wapi?" akauliza Teresia. "Inajua nimeshona bendera usiku wa siku ngapi?"

"Iambie magurudumu ni ya kutua," akasema Misheck. "Ama ndege yako hutua kwa tumbo, Mwalimu, kama kenge?"

Watu wakacheka. Nyamu hakucheka.

"Ng'oeni takataka zenu!" akafoka. "Hii ni sayansi, si kitanda cha bibi arusi!"

Kicheko kikakatika. Teresia akachukua daftari lake, akaikunja leso yake polepole, akatoka. Wengine wakamfuata.

Siku iliyofuata hakuja mtu. Nyamu akaibandua bendera, akang'oa vifuniko, akakwangua rangi, akapunguza misumari, akapanda nayo kilimani peke yake. Akairusha. Ikaelea. Ikapita juu ya michongoma, ikageuka taratibu, ikatua uwanjani bila mkwaruzo. Nyamu akageuka kusema, "Mmeona?" Nyuma yake palikuwa na mbuzi wawili. Afadhali ingeanguka. Afisa alikuwa anakuja kutazama darasa, si mzee mmoja na mwanasesere wake.

Akaenda kwa Misheck, akamkuta amepindua baiskeli, Teresia akingoja tairi yake.

"Imeruka," Nyamu akasema.

"Ya nani?" Misheck hakuinua macho. "Hiyo iliyoruka, Mwalimu, ni ya nani?"

Nyamu alirudi nyumbani swali likimchoma njia nzima. Alikuwa ameiuliza mashine kila jambo isipokuwa moja: bawa la kubeba mzigo wote huo liwe kubwa kiasi gani? Hakuuliza kwa sababu bawa alilichora yeye, na mchoro wake hakutaka uguswe.

Jumatatu aliwapitia mmoja mmoja, kofia mkononi, akawaomba warudi, na vitu vyao virudi ndegeni. Teresia alikuja wa mwisho.

"Pimeni wenyewe," Nyamu akawaambia. "Kila mtu chake. Mwandike, mjumlishe."

Wakajumlisha wakakosea, wakakosea tena, Misheck akimlaumu Mutugi na Mutugi akiilaumu mizani. Nyamu alikaa juu ya mikono yake asiinyakue kalamu. Muhula ulikuwa unakwisha. Jibu lisiporudi juma lile, bawa jipya lisingepatikana kabla ya afisa kuja. Jumla ilipokubali mwishowe, wakaiandika chini ya vipimo vyake, kila mwandiko ukiinama upande wake, na swali mwishoni: Tunahitaji bawa gani?

Nyamu akaikunja karatasi, akalowesha gundi ya bahasha kwa ulimi, akaifunga, akaandika Meru. Wakaandamana naye hadi posta, wakibishana njiani kama stempu moja inatosha, na Teresia akaitumbukiza sandukuni.